Sanduku la Kutotolea Mbegu za Hariri

Machi 9, 1903, Jumapili

Nimefungua daftari hili kwa sababu kaka yangu Nakhle ameniomba. Anasema kila chombo kipya kinahitaji mtu wa kuandika siku zake, na kwamba katika nyumba hii ni mimi peke yangu mwenye mwandiko unaosomeka. Ni kweli. Kwa miaka kumi na mitano nimefundisha wasichana kuandika katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, na mstari uliopinda huniuma jicho. Nitafuata tarehe za kanisa letu, si za Wafaransa, ambao wako mbele yetu siku kumi na tatu na bado sijaona walichowahi.

Chombo chenyewe ni sanduku la bati lililo ndani ya sanduku la mbao, na kazi yake ni kutotoa mbegu za hariri. Mbegu tunaziita hivyo, lakini ni mayai ya nondo, madogo kuliko ufuta. Kila mwaka mforsadi, mti ambao viwavi hula majani yake, unapoanza kuchipua, wanawake wa hapa mlimani huyatia katika kifuko cha kitambaa na kukivaa kifuani chini ya gauni, siku kumi na mbili au zaidi, mpaka viwavi watoke. Kazi hiyo hupewa mwanamke aliyezaa tu. Mimi nina miaka thelathini na sita, sijaolewa, na sijawahi kukabidhiwa hata kifuko kimoja.

Kifua cha Mama kilikuwa kinajulikana mabonde matatu. Watu walimletea mbegu kutoka mbali. Mwaka jana homa ilimshika siku ya saba, naye hakusema, akaendelea kuvaa mbegu za nyumba nne mpaka zikaungua zote juu ya mwili wake. Hakuna aliyemlaumu usoni. Walinyamaza tu, na hilo lilimkondesha kuliko homa.

Nakhle ni fundi bati, mtu wa birika na fanusi, ila husoma kila gazeti linalopanda kutoka Beirut. Tangu aliposoma habari za watu wanaopeleka maneno juu ya bahari bila waya, amekuwa hatulii. Majira yote ya baridi alikata madebe ya mafuta ya taa na kuyalehemu. Chini ya sanduku kuna taa ndogo. Juu ya bomba kuna kifuniko kisichoguswa na mtu: ameunganisha ukanda wa shaba na ukanda wa chuma kwa ribiti, joto likizidi kanda hizo hujikunja na kukiinua kifuniko, likipungua hujinyoosha na kukishusha. Alijaribu mara kumi na moja kabla hazijakubali kumtii.

Machi 11

Mama hasemi na Nakhle. Anasema na kuku, na kuku wanatakiwa kumfikishia Nakhle.

Machi 14

Mvua. Dengu tena.

Machi 17

Nakhle amezunguka nyumba kwa nyumba akiomba mbegu. Ukihesabu na yetu, nane zimekubali, nadhani kwa kuwa wanaogopa kumpa Mama na wanaona haya kumnyima. Jirani yetu, Mama Fadlo, alikuja kuleta yake mwenyewe ili apate nafasi ya kuuma.

"Kwa hiyo mwanao amekuundia kifua cha bati?" akamuuliza Mama.

"Amejiundia mama mwingine," Mama akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye unga. "Huyu wa bati hana mdomo. Ndiyo raha yake. Natamani na majirani wangekuwa wa bati."

Baada ya Mama Fadlo kuondoka, Nakhle alisema jambo ambalo sikulipenda. Alisema sanduku likishindwa mwaka huu, ataifunga karakana na kumfuata binamu yetu Mitri ng'ambo ya bahari, São Paulo, maana hawezi kuishi kijijini akiitwa mtu aliyeua mbegu za nyumba nane. Alisema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuamua. Mama alisikia. Aliendelea kukanda unga kwa muda mrefu kuliko unga ulivyohitaji.

Machi 21

Mforsadi wa uani una macho ya kijani matawini. Nakhle anautazama kama daktari.

Machi 25, Sikukuu ya Kupashwa Habari

Leo tumeziweka. Padri Jiryis alizibariki mbegu kama kila mwaka, kisha akasimama mbele ya sanduku, akafikiri, akalinyunyizia na lenyewe maji ya baraka. Alipogeuka, Nakhle aliyafuta matone kwa shati lake lisije likashika kutu.

Kisha alitupanga mstari, Mama, Shangazi Katur na mimi, akatuonyesha kipimajoto chenye alama nyekundu. Zebaki ikae kwenye alama. Kanda zitafanya kazi yao. Kazi yetu ni moja tu: taa isizimike, mchana wala usiku. Alituambia tuseme pamoja, nasi tukasema, taa isizimike. Hata Mama alisema, ingawa alikuwa anatazama ukutani.

Nina wasiwasi na Shangazi Katur. Ni dada wa marehemu baba, ana miaka sabini, macho yake yana ukungu, na hajawahi kufunga mlango alioufungua. Kama kuna jambo litakaloharibika, litaharibikia mikononi mwake. Naandika hapa ili baadaye isisemwe kwamba sikuona.

Machi 26

Zebaki kwenye alama.

Machi 27

Kwenye alama.

Machi 28

Kwenye alama. Usiku wa kuamkia leo upepo ulivuma kutoka theluji ya mlima Sannin na kuingia mpaka kitandani, lakini ndani ya sanduku hakuna kilichojua. Nililala chini karibu nalo zamu yangu, nikasikia kifuniko kikifunguka na kufungika polepole peke yake. Sikutaka kukipenda, lakini nilikipenda.

Machi 30, Jumapili ya Matawi

Nimemkuta Mama amelaza shavu juu ya bati. Aliponiona alisema anasikiliza kama kuna panya.

Aprili 2

Mbegu zimeanza kubadilika rangi, kutoka kijivu cha risasi kwenda weupe. Zote, trei nane, siku moja. Mama ameuliza swali lake la kwanza: kwa nini zote kwa pamoja? Zilipokuwa kifuani, zilitangulia zilizokuwa upande wa moyo, nyingine zikafuata siku nne, tano. Nakhle akamweleza kwamba ndani ya sanduku hakuna upande wa moyo. Mama akasema hilo ndilo lililokuwa linamtia mashaka tangu mwanzo. Lakini alikuwa anaongea naye, si na kuku.

Aprili 4, Ijumaa Kuu

Kanisani kutwa. Miguu inaniuma. Baridi kali. Nakhle anasema kesho kutwa, alfajiri, watatoka.

Aprili 5, Jumamosi Kuu

Lazima niandike hili kabla sijaogopa.

Jumamosi Kuu hakuna moto katika kijiji chetu. Bwana yuko kaburini, na kila mwali huzimwa asubuhi: jiko, tanuri, taa ya mbele ya sanamu takatifu, mpaka kiko cha babu alipokuwa hai. Tunakula vya baridi, tunakaa katika giza, mpaka alfajiri ya Pasaka padri anapotoka madhabahuni na moto mpya, kila mtu akawasha mshumaa wake na kuubeba nyumbani kwa kiganja. Tangu nikiwa na miaka sita, kuzima ni kazi yangu. Nalowesha vidole, napita chumba hadi chumba, nabana kila utambi. Sihitaji kufikiri. Mikono inaijua njia.

Leo asubuhi nililowesha vidole. Nilizima jiko. Nilizima taa ya sanamu. Nilishuka chumba cha chini, nikapiga magoti, nikabana taa ya sanduku, nikainuka, nikaenda kupiga brashi viatu vya Pasaka.

Sikukumbuka chochote. Nakhle alikuwa kanisani tangu mapema akisaidia kushusha vitambaa vyeusi. Alirudi karibu na adhuhuri, nikamsikia akishuka ngazi, kisha nikasikia ukimya ambao sijawahi kuusikia. Hapo ndipo vidole vyangu vilinikumbusha. Nilisimama, kiatu mkononi.

Zebaki ilikuwa imeshuka mpaka chini kabisa ya kioo. Nakhle alikuwa ameishika ile taa mikono miwili. Hakuuliza nani. Hilo ndilo jambo ninaloshindwa kulieleza. Aliuliza, "Imekufaje? Mafuta yapo. Utambi mzima. Imekufaje?" Mama alikuwa mlangoni, Shangazi Katur nyuma yake, mimi nyuma ya Shangazi. Nilifungua mdomo, na mdomo ukajifunga wenyewe.

Nakhle akatoa kiberiti. Mama akaingia mbele yake.

"Hakuna moto katika nyumba hii mpaka padri autoe," alisema.

"Mama, zinakufa. Za nyumba nane."

"Nimekataa moto, mwanangu. Sijakataa joto."

Akamsukuma pembeni, akavuta trei ya kwanza, akamimina mbegu katika kitambaa cha kichwa chake na kukifunga fundo. Shangazi Katur akamshika uso, akambusu paji la uso ili apime kama ana homa, akasema hana. Kisha Mama akafungua gauni na kuzitia kifuani. Mwaka mzima sikumwona amesimama wima hivyo.

Nilitumwa kuwaita wenye mbegu. Walikuja mbio, Mama Fadlo akiwa wa kwanza na mwenye maneno mengi kuliko wote, lakini mikono yake ilikuwa miepesi na alikuwa analia. Kila mwanamke alichukua trei ya nyumba yake. Ikabaki moja, ya mzee Asbir, mgane asiye na mwanamke nyumbani. Mama tayari anayo ya kwetu na Shangazi ana ya padri, ambaye naye mkewe alifariki. Mama akaniangalia.

Nilimwambia sijazaa. Akasema, "Una damu ya moto, unayo hasira, inatosha." Akakifunga kifuko mwenyewe na kukining'iniza shingoni mwangu.

Ninaandika nacho kifuani. Hakina uzito wowote. Mimi niliyeizima taa ndiye niliyekabidhiwa. Nakhle yuko chini, amekaa mbele ya sanduku tupu.

Aprili 6, Pasaka

Niliingia kanisani kabla ya mapambazuko kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani. Tulikuwa wanane, tumesimama pamoja upande wa wanawake, mikono imefungwa juu ya kifua, hakuna aliyesujudu. Padri Jiryis alitukodolea macho. Hakuwa ameambiwa kwamba mbegu zake mwenyewe ziko kwa Shangazi Katur.

Katika giza lile niliomba kama sijawahi kuomba. Sikuombea roho yangu. Niliombea wadudu.

Moto ulitoka madhabahuni, ukapita mkono hadi mkono, nyuso zikaonekana moja baada ya nyingine. Tulitoka nje uani. Padri akaimba kwamba Kristo amefufuka, tukaitikia, na katika kuitikia kwa mara ya tatu nikahisi kitu. Kwanza nilidhani ni jasho. Kisha kikatembea. Kilikuwa chepesi kuliko unywele, kisha vikawa viwili, kisha kifua kizima kikawa kinanitekenya. Nilimtazama Mama Fadlo. Alikuwa amefumba macho, mabega yanatetemeka, na ghafla akacheka kwa sauti, katikati ya ibada, kicheko cha msichana. Shangazi Katur alikuwa anajipindapinda. Mama alisimama tuli kama nguzo, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Wote wametoka. Trei nane, asubuhi moja. Mzee Asbir alipofunguliwa kitambaa na kuwaona viwavi weusi wakitambaa, alivua kofia akanishika mkono. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka nikaishiwa nguvu. Ni furaha, nilijiambia. Nusu ilikuwa furaha.

Aprili 7

Mayai mekundu, maandazi ya tende, wageni wasiokwisha. Kila anayeingia anambusu Mama kichwani. Wanasema kifua kimelishinda bati. Mama anajibu kwa adabu kwamba bati nalo lilifanya siku kumi na moja, lakini hakuna anayesikiliza sehemu hiyo.

Nakhle amelifungua sanduku lote mezani. Anakagua kila kiungo.

Aprili 9

Amelikagua lote. Hakuna kosa. Nilimpelekea kahawa, akaniambia hivi, na nitayanakili maneno yake kama alivyosema, kwa kuwa ni adhabu yangu: "Wadia, kitu kilichovunjika nitakiunga. Lakini hiki ni kizima, na kimekufa mikononi mwangu bila sababu. Nitampaje mtu kitu kama hicho?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilimuuliza kama anataka sukari.

Aprili 12

Viwavi wamelala usingizi wa kwanza wa kujivua ngozi. Vichwa juu, hawali, hawaguswi. Tunatembea kwa vidole. Hakuna kukaanga kitunguu wala kitu kingine chenye harufu mpaka msimu uishe.

Aprili 15

Ameandika barua São Paulo. Nilimsahihishia mimi herufi.

Aprili 17

Usingizi wa pili. Nimefikiria kwa nini sisemi. Sababu ya kwanza nimejipa ni Mama: watu wamemrudishia uso wake, nikisema taa ilizimwa na mkono, je, si nitakuwa namnyang'anya? Ni sababu nzuri. Ingekuwa nzuri zaidi kama ingekuwa ya kweli. Ukweli ni kwamba mimi ndiye mwalimu, mimi ndiye mwenye mistari iliyonyooka, na mimi ndiye niliyeandika ukurasa wa nne kwamba jambo likiharibika litaharibikia mikononi mwa Shangazi.

Na Shangazi mwenyewe ana nini? Pasaka imepita, na bado anafunga. Hali nyama. Nimemuuliza, amesema tumbo.

Aprili 23, Mtakatifu Jiryis

Sikukuu ya jina la padri wetu. Usingizi wa tatu. Nakhle ameshusha sanduku la safari la baba kutoka darini na kulianika. Mbao zake ni za mwerezi, bado zinanukia. Mama alilipita mara tatu, mara ya nne akalipiga teke.

Aprili 26

Majani. Kukata, kubeba, kukata.

Aprili 30

Usingizi wa nne, wa mwisho. Wakiamka watakula kwa siku nane bila kusimama, na hatutalala.

Meli ni tarehe ishirini na nane Mei.

Mei 3

Nimesema.

Wameamka jana na wanakula. Chumba kizima kinavuma kama mvua kwenye majani, na wewe ukiwa ndani huwezi kuongea isipokuwa upandishe sauti. Tulikuwa wanne, tumekaa chini tunakata majani, Mama, Shangazi Katur, Nakhle na mimi. Nakhle alikuwa anamweleza Mama kwa utulivu nani atakayemlehemia sufuria akiwa hayupo. Alikuwa amempanga fundi wa mji wa Zahle. Mama alikuwa anakata majani mazuri na kuyatupa upande wa mabaya.

Nikasema, "Taa niliizima mimi."

Kwa sababu ya kelele za viwavi hakunisikia. Ikabidi niseme tena, kwa sauti ya darasani. Sijui kama kuna aibu kubwa kuliko kukiri dhambi mara mbili.

Nakhle aliweka kisu chini. Nilimweleza yote: vidole, utambi, viatu. Nikamwambia sikukusudia, na kwamba nilikuwa nimekariri maneno yake kuliko mtu yeyote nyumbani. Nikamwambia sanduku lake halikuwa na kosa hata moja siku zote kumi na moja, na kwamba kwa wiki nne nimemwacha aamini linalo. Nilingoja anipige kofi. Ningelipokea.

"Lakini tulisema isizimike," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kuelewa, kama anavyotaka kuelewa kila kitu. "Tulisema pamoja."

"Kwako wewe ilikuwa sehemu ya mashine," nikamwambia. "Mkononi mwangu ilikuwa mwali wa Jumamosi Kuu."

Hapo Mama akakohoa. Alisema nisijibebeshe peke yangu. Yeye mwenyewe alishuka asubuhi ile ili aizime. Alipofika akakuta imezimwa, akafanya ishara ya msalaba, akajisemea, ashukuriwe Mungu, kumbe bado kuna mtu mwenye akili katika nyumba hii. Akapanda kwenda kupaka rangi mayai. Nakhle aliposhuka na kupiga kelele, ndipo alipotambua, na akaona haya, maana alikuwa amefurahi.

Tukamgeukia Shangazi Katur. Alikuwa amefunika uso kwa kitambaa.

"Mimi niliipuliza," alisema.

Nilimwambia isingewezekana, nilikuwa nimekwisha kuizima.

"Ningejuaje? Macho yenyewe haya. Nilishuka, nikainama, nikapuliza. Nikapuliza mara mbili, kuhakikisha. Mwezi mzima nalala na mauaji ya nyumba nane. Nimekula dengu mpaka nimeanza kuota dengu."

Nakhle alitutazama mmoja mmoja, wanawake watatu tuliopanga foleni kwenda kuizima taa ile ile. Midomo yake ilianza kucheza. Kisha akalala chali juu ya majani ya mforsadi, akacheka mpaka akashika mbavu, na sisi tukacheka, na Shangazi akauliza kama sasa anaruhusiwa kula kuku.

Nilimwomba radhi nyumba ilipotulia. Alisema ningekuwa nimemwambia Aprili tisa, angekuwa amelala usingizi usiku ule. Nikasema najua. Kisha akasema mwenyewe angeizima pia, kama asingekuwa kanisani. Hata yeye alikuwa amesahau kuihesabu Jumamosi Kuu. Halafu akaniuliza, ghafla, joto la tanuri la mkate hubaki muda gani baada ya kuutoa moto. Nilijua tumempata.

Ninajisikia kama mtu aliyevuliwa kiatu kilichombana mwezi mzima.

Mei 4

Nilikwenda kwa Shangazi na daftari, nikamsomea ukurasa wa nne, pale nilipomwandika. Alisema kuhusu milango nilikuwa sahihi.

Mei 7

Majani. Nakhle anakata kwa mkono mmoja na kuchora kwa mwingine.

Mei 10

Wameanza kupanda kwenye vichaka vya matawi makavu tuliyowasimamishia. Kelele zimekoma. Kila mmoja anatafuta tawi lake na kuanza kujizungushia uzi. Mama amekaa mlangoni tangu asubuhi, hamruhusu mtu kuingia na viatu.

Mei 13

Mama Fadlo amekuja kuambiwa habari za taa, kwa kuwa Shangazi amemwambia kila mtu kisimani. Ametucheka kwa haki. Kisha akakiri kwamba na yeye, taa ile ingekuwa nyumbani kwake, angeizima kwa kidole chake mwenyewe, na kwamba kila nyumba ya kijiji hiki ingefanya vivyo hivyo. Nakhle aliandika maneno hayo.

Mei 19

Tumevuna vifukofuko. Vyeupe, vigumu, vinalia vikitikiswa. Nyumba zote nane zimepata vingi kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka, na Mama ndiye aliyelisema mbele ya watu, uani, bila kuombwa: viwavi walikua pamoja, wakalala pamoja, wakapanda pamoja, kwa sababu walizaliwa siku moja, na walizaliwa siku moja kwa sababu sanduku halina upande wa moyo. "Mimi nilifanya siku moja," alisema. "Lenyewe lilifanya kumi na moja. Hesabu wenyewe." Nakhle alijifanya anafunga gunia.

Mei 22

Sanduku la safari halipo uani. Sijauliza.

Mei 25, Jumapili

Ukurasa wa mwisho, nami nitauandika vizuri.

Ijumaa Nakhle alitushusha chumba cha chini. Sanduku ni jipya. Bati sasa lina kuta mbili, na kati yake kuna maji, debe tatu nzima. Nje ya bati kuna sufu ya kondoo iliyoshindiliwa unene wa mkono, na nje ya sufu kuna mbao za mwerezi, zilizopigwa randa upya, ila upande mmoja bado zina matundu ya kufuli la baba. Mama aliyaona matundu hayo. Alipitisha kidole juu yake, akaenda kutafuta kitu jikoni, akakaa huko kidogo.

Nakhle alitueleza kwa ufupi. Maji yapate moto wa taa mpaka usiku wa Ijumaa Kuu. Jumamosi asubuhi tuizime sisi wenyewe, wote watatu kama tunapenda, na maji yashike joto bila mwali mpaka padri atoe moto mpya. Mashine yoyote itakayouzwa katika mlima huu, alisema, lazima iijue Jumamosi Kuu, la sivyo haijui lolote.

Jana asubuhi tulijaribu kana kwamba ndiyo siku yenyewe. Nilipewa heshima ya kulowesha vidole. Niliubana utambi, na safari hii niliutazama.

Leo alfajiri tulishuka na mshumaa. Zebaki ilikuwa chini ya alama nyekundu kwa upana wa punje ya dengu, si zaidi. Nakhle alikishika kile kipimajoto. Mama alilaza shavu juu ya bati, mbele yetu sote, wala hakutaja panya. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Lina joto la mtu mzima," alisema. "Na halina homa."

Shangazi Katur akatuomba tumpishe. Akainama polepole, akishika magoti, akapuliza chini ya sanduku mara mbili, kuhakikisha.